“Wewe Ulifanya Nini?” Nilivyosailiwa Mara Tatu Nikiwa Bado Chuoni

Swali la tatu ndilo lililoniangusha. Msaili aliyeketi kushoto, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alilisoma kutoka kwenye karatasi yake: “Tueleze kosa moja ulilowahi kulifanya katika kazi ya kikundi, na jinsi ulivyolishughulikia.” Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu siku tisa nyuma, limekaririwa neno kwa neno: udhaifu wangu mkubwa ni kupenda kazi kupita kiasi, hata nasahau kupumzika. Nikalitiririsha lote bila kumeza mate. Yule mama akaniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole, “Sasa kosa lenyewe, binti, ni lipi?”

Nikanyamaza. Ukimya wa namna ile sijawahi kuusikia tena. Nilijua nimefanya makosa mengi maishani, nani hajafanya, lakini kichwani hamkuwa na hata moja. Mlikuwa na majibu 40 ya watu wengine niliyoyapakua usiku mmoja na kuyanakili kwenye daftari kwa wino wa rangi mbili. Nikasema kitu kuhusu kuchelewa kikao. Hata hicho hakikuwa kweli.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma takwimu, naomba nafasi ya msaidizi wa uchambuzi wa data iliyotangazwa kwa wanaokaribia kuhitimu. Kazi niliipata, lakini si siku ile, wala kwenye usaili uliofuata. Niliipata mara ya tatu, miezi saba baadaye. Sina la ajabu la kusimulia kuhusu ushindi wenyewe. Nataka kueleza zaidi nilivyojiandaa vibaya mara mbili, kwa bidii kubwa sana.

Maana bidii ilikuwepo. Barua pepe ya kuitwa kwenye usaili ilinifikia siku kumi na moja kabla. Siku mbili nilizimaliza kwa furaha na kuwapigia watu simu. Tisa zilizobaki nilijifungia chumbani bwenini. Niliacha kuhudhuria vipindi vya somo moja, nikakosa na jaribio lake, na mwisho wa muhula nikalirudia somo zima. Hiyo ndiyo gharama ninayoijutia kuliko zote, kwa sababu ingeweza kuepukwa kwa mazungumzo ya dakika tano: nilipomwendea mhadhiri baadaye, aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba nina usaili, angenipangia siku nyingine. Kama umeitwa na una mtihani karibu, sema. Mwambie mhadhiri, na hata huyo mwajiri unaweza kumuuliza kwa adabu kama kuna siku nyingine. Mimi niliogopa wangeniona msumbufu.

Na viatu. Nilikopa hela nikanunua viatu vipya, nikavivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya usaili. Vilinibana kiasi kwamba nilipofika mapokezi nilikuwa nachechemea. Nguo nadhifu ambayo mwili umeizoea inatosha. Hilo sitalizungumza tena.

Turudi kwenye chumba cha usaili. Kosa la pili nililolifanya siku ile lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, na niliyeliandika ni mimi. Kwenye wasifu wangu, chini ya ujuzi, niliweka: “Mahiri katika R.” Ukweli ni kwamba programu hiyo ya takwimu niliifungua kwa zoezi moja tu la darasani, na mistari mingi ya msimbo niliichukua kwa mwenzangu. Niliandika “mahiri” kwa sababu tangazo lilitaja R, na kwa sababu kila niliyemwona akiandika wasifu aliandika hivyo. Kijana wa jopo, wa mwisho kulia, akaniuliza ningefanyaje kwenye R nikikuta data zina mapengo. Nikasema ningetumia amri ya kujazia mapengo. Akauliza, “Amri ipi?” Nikasema nimeisahau kidogo. Akaandika kitu kifupi sana.

Kilichoniuma ni yaliyofuata. Kuanzia hapo, hata mambo niliyoyajua kweli nilihisi yanapokelewa kwa shaka. Nilipoeleza kwamba lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, naitumia kila wiki, jambo la kweli kabisa, sauti yangu yenyewe ilikuwa ya mtu anayedanganya. Leo mstari ule unasomeka: nimetumia R kwa zoezi moja, natumia lahajedwali kila wiki kwa kazi za darasa. Unaonekana mdogo. Lakini ukiulizwa juu yake, hutokwi jasho. Kanuni niliyojiwekea ni rahisi: siku moja kabla ya usaili nachukua wasifu wangu na kujiuliza maswali mawili juu ya kila mstari. Mstari ukinishinda, naufuta au naupunguza, kisha najiandaa kueleza hivyo mbele yao kama nakala ya zamani ndiyo waliyo nayo.

Jibu la kukataliwa lilikuja baada ya siku kumi. Mistari miwili. Nililia bafuni huku maji yakimwagika ili jirani asisikie, na kwa wiki mbili kila simu ya nyumbani niliijibu kwamba bado hawajaamua. Mwenzangu wa chumba bwenini alipata kazi wiki ile ile. Nilimpongeza kwa meno, na ninamshukuru kwa kujifanya hakuona.

Jambo moja la maana nililolifanya katika kipindi hicho ni kuwaandikia wale wasaili. Niliwashukuru, nikauliza kama kuna jambo moja ambalo ningeweza kulirekebisha. Waajiri wengi hawajibu ujumbe wa namna hiyo, na sikutegemea. Siku ya sita likaja jibu la sentensi moja: majibu yangu yalikuwa ya jumla mno, hayakuwa na mfano hata mmoja kutoka kwenye kazi zangu mwenyewe.

Nilikasirika. Mfano upi? Mimi mwanafunzi, kazi nitaitoa wapi? Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kutafuta wanachokitafuta hawa watu, na kwa kuwa nasoma takwimu, nikaenda kwenye tafiti. Nilichokuta kilinibadilishia sura ya chumba kile. Kuna usaili wa kupiga soga, ambao kila mtu anaulizwa litakalomjia msaili kichwani, na kuna usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale na majibu yanapewa alama kwa kipimo kimoja. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu za tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili uliopangwa ukashika nafasi ya juu kabisa, ukiwa na uhusiano wa takriban 0.42 na jinsi mtu anavyokuja kufanya kazi (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Ule wa soga ulipata kama 0.19. Kwa anayejua kusoma namba hizi, hata 0.42 si uganga; watu wazuri wengi bado wanaachwa nje. Hilo pekee lilinipunguzia machungu.

Kisha nikaelewa nyuso zao. Wale watatu hawakutabasamu, walisoma maswali kutoka kwenye karatasi, waliandika huku nikizungumza. Mimi nilidhani wamenichukia tangu mlangoni. Kumbe walikuwa wanajaza alama. Msaili anayejitahidi kuwatendea wote sawa anaweza kuonekana kama jiwe, na ukianza kumfukuzia tabasamu lake utalipoteza swali. Nikaelewa vilevile kwa nini wanauliza “tueleze wakati ambapo…”. Wanataka kitu kilichokwisha kutokea, wakipime. Jibu la kuokota halina cha kupimwa.

Basi nikachukua daftari jipya. Badala ya maswali, nikaandika mambo niliyoyafanya. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukariri, nakiri. Siku ya kwanza nilipata mawili. Siku ya pili nikabadilisha njia: nikafungua simu nikapitia jumbe za makundi ya darasa za miaka miwili, picha, barua pepe nilizotuma, mafaili kwenye kompyuta yangu kwa kufuata tarehe. Yakaanza kuibuka. Ule muhula niliokuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi na daftari la mapato lisilowiana. Wiki sita za mafunzo kwa vitendo, nilipomfundisha mfanyakazi mkubwa kuliko mama yangu kuchuja orodha kwenye lahajedwali bila kumfanya ajione mjinga. Mwanakikundi asiyejibu simu. Somo nililofeli na nilivyolirudia. Na dodoso 180 za utafiti wa mwaka wa pili.

Hizo dodoso zinastahili aya yake. Tulikuwa watano. Tulikubaliana ndiyo iwe 1 na hapana iwe 0. Sijui niliteleza wapi, lakini dodoso 60 za mwisho niliziingiza kinyume. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha niliona asilimia za swali moja hazifanani kabisa na tulichokisikia kwa wahojiwa. Nikafuatilia, nikajikuta mwenyewe. Niliwaamsha wenzangu, nikawaambia kosa ni langu, nikaziingiza zote 60 upya huku mmoja akinisomea na kuhakiki. Kisha nikaandika karatasi ya misimbo tukaibandika ukutani. Tuliwasilisha siku moja nyuma ya muda na tukakatwa alama.

Nilipomaliza kuliandika hilo nililiangalia daftari muda mrefu. Tukio lile lilikuwa limetokea mwaka mzima kabla ya usaili wangu wa kwanza. Kosa katika kazi ya kikundi, na jinsi nilivyolishughulikia. Nilikuwa nalo siku ile nimekaa mbele ya yule mama, nimelibeba mwilini, na sikuweza kulifikia.

Nilikusanya masimulizi manane. Tangazo la kazi nililichapisha, nikapigia mstari kila sifa waliyoitaja, na mbele ya kila sifa nikaandika jina fupi la simulizi: “dodoso”, “hazina”, “mama wa orodha”. Sifa isiyo na simulizi niliiwekea alama, maana nilijua hapo ndipo nitakapobanwa. Simulizi moja linaweza kujibu maswali matatu tofauti, kwa hiyo manane yanatosha kabisa.

Kuyapanga nilitumia ile njia maarufu ya STAR: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Inasaidia, ila wengi huimaliza pumzi kwenye hali. Nilijirekodi kwenye simu nikakuta natumia dakika mbili kueleza utafiti ulihusu nini, na sekunde ishirini kueleza nilichofanya. Geuza. Hali na jukumu sentensi tatu au nne, muda uliobaki wote ni hatua, na matokeo yatajwe hata kama ni mabaya.

Rekodi ile ilinionyesha mambo mengine mawili ambayo bila masikio yangu mwenyewe nisingeyaamini. Mosi, katika dakika nne nilisema “yaani” mara 31. Pili, na hili ndilo zito, kila kitendo nilikisema kwa wingi. Tulikusanya, tuligundua, tulirekebisha. Wengi wetu tumelelewa kwamba kusema “nilifanya, nilifanya” ni majivuno, kwa hiyo ulimi unakimbilia “tu-” wenyewe. Lakini msaili anamwajiri mtu mmoja. Akisikia “tulirekebisha” hajui kama ulikuwa kwenye kompyuta au ulikuwa umelala. Silabi mbili, ni- na tu-, zinabeba jibu zima. Nilijizoeza kusema “kikundi kilikubaliana” pale lililotendwa lilikuwa la wote, na “mimi niliingiza”, “mimi niliona” pale palipokuwa pangu. Mwanzoni nilijisikia kama nawaibia wenzangu. Hisia hiyo haikuisha kabisa, na nadhani ni vizuri isiishe.

Namna ya kufanya mazoezi nayo niliibadilisha. Mara ya kwanza nilikuwa nasoma daftari, narudia kusoma, naona naelewa, naridhika. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilijaribu hilo na wanafunzi mwaka 2006. Waliorudia kusoma maandishi walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliofunika karatasi na kujipima walikumbuka kama asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kujiamini kwangu kulikuwa ni kule kwa dakika tano. Kwa hiyo nilifunga daftari. Rafiki yangu anayesoma sheria alikuwa ananivizia kwenye korido na kuuliza, “Lini uligombana na mtu kazini?” nami lazima nijibu papo hapo, nimesimama, na ndoo mkononi. Alikuwa ananikatiza kwa makusudi. Nilimchukia kwa wiki tatu, lakini kazi yake ilionekana.

Usaili wa pili ulikuwa kwa video, na hapo nilijikwaa kwenye vitu vidogo hadi aibu. Kiungo walichotuma kilihitaji programu niliyokuwa nayo, ila ilipofunguka ikadai kusasishwa kwanza. Nikaingia nimechelewa dakika nne. Dirisha lilikuwa nyuma yangu, kwa hiyo nilionekana kivuli kinachozungumza. Kompyuta ilikuwa chini mno, wakawa wanazitazama tundu za pua yangu. Fungua kiungo siku moja kabla, kwenye kifaa kile kile na mahali pale pale, na uwe na simu yenye intaneti pembeni endapo mtandao utakatika. Uso uelekee mwanga. Basi.

Masimulizi yaliniokoa. Niliulizwa maswali matano na manne niliyajibu kwa mambo yangu halisi. Nilianguka mwishoni, pale nilipodhani usaili umekwisha. “Una swali lolote kwetu?” Nikasema, “Hapana, mmeeleza yote.” Hawakuwa wameeleza hata kazi yenyewe inafanyikaje. Kisha wakauliza natarajia mshahara kiasi gani, nikasema wowote tu nitashukuru. Nilidhani huo ni unyenyekevu. Nilivyoona nyuso zao, walisikia mtu asiyejua nafasi anayoiomba. Walinijulisha kwamba nimewekwa akiba, wangenipigia kama aliyechaguliwa angekataa. Hakukataa.

Tangu hapo huwa naenda na maswali matatu, na yale ninayoyapenda ni ya kazi: mtu anayeanza nafasi hii anatarajiwa awe amefanya nini baada ya miezi mitatu, nani atakagua kazi yake, ni kitu gani kinachowapa shida watu wapya. La mwisho hilo huwa linawafanya waweke kalamu chini na kuzungumza. Kuhusu mshahara, ulizia mapema kwa watu walio kwenye kazi kama hiyo, uwe na kiwango cha chini na cha juu kichwani, na ukitaje bila kuomba radhi.

Mara ya tatu niliitwa ana kwa ana. Woga ulikuwa pale pale, tena mkubwa kuliko wa mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua kukataliwa kunafananaje. Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks, wa mwaka 2014, uliowaweka watu kwenye mambo ya kutia hofu: kuimba mbele ya wengine, kuhutubia, kufanya hesabu. Waliojiambia kwamba wana msisimko walifanya vizuri kuliko waliojaribu kujituliza. Sababu inaeleweka: moyo unaodunda haukubali kuambiwa tulia, lakini unakubali kupewa jina jingine. Nilisimama kwenye ngazi nikajisemea kwa sauti ya chini, “Nina hamu, nina hamu.” Mtu akapita, akanitazama. Miguu iliendelea kutetemeka, ila niliingia.

Waliuliza, kama ningepewa mishahara ya kampuni nzima niieleze kwa namba moja, ningetumia wastani au mediani. Nikasema mediani, yaani namba ya katikati mishahara ikipangwa kwa ukubwa, kwa kuwa mishahara ya wakubwa wachache huuvuta wastani juu hadi hauwaelezi walio wengi. Wakauliza kuhusu programu moja ya hifadhidata. Nikasema sijawahi kuitumia, nikaeleza nilivyojifunza lahajedwali mwenyewe na ningeanzia wapi nikipewa hiyo. Nilingoja dari lidondoke. Halikudondoka.

Halafu bwana mmoja mwenye mvi akageuza karatasi yake, akasoma bila kuinua macho: “Tueleze kuhusu kosa ulilolifanya mkiwa kazini pamoja na wengine.”

Nikavuta pumzi. “Tulikuwa na dodoso 180,” nikaanza, “na 60 kati ya hizo mimi niliziingiza kinyume.”

Alisikiliza mpaka mwisho, hadi kwenye alama tulizokatwa. Akaandika. Hakutabasamu.

“Asante,” akasema. “Swali linalofuata.”